Barazani kwa Mwalimu: Mtoto Hasikii



Mwaka umezunguka, kitabu chetu kimerudi mikononi mwenu, nami nimekaribishwa tena katika kurasa zangu za barazani. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki Mwenyezi Mungu awarehemu, na vichanga waliozaliwa awakuze katika afya njema. Mwaka jana tulizungumza habari ya sukari na macho. Mwaka huu nataka tuzungumze habari ya masikio, hasa masikio ya watoto, na namna mafua ya kawaida, yale tunayoyadharau, yanavyoweza kumfanya mtoto asisikie vizuri kwa miezi bila ya mtu yeyote nyumbani kujua.

Mimi si daktari. Ni mwalimu mstaafu tu, niliyesoma chuoni, kisha skuli, kisha nikasomesha watoto wa wenzangu mpaka mvi zikanitoka. Nayaandika haya kwa sababu yamenifika nyumbani kwangu, na kwa sababu katika mambo haya mimi mwenyewe nilikosa. Mwenye kutumbukia shimoni akanyamaza, humwachia mwenzake shimo lile lile.

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Tukisema mtoto anasikia, tuna maana masikio yake yanafanya kazi, na tuna maana vile vile kwamba ni mtiifu. Mtoto msikivu ni mtoto mwema. Mtoto asiyesikia ni mtundu, na methali za kumtisha tunazo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sikio la kufa halisikii dawa. Katika miaka yangu ya ualimu nilizitumia methali hizi mpaka zikachakaa. Sikupata hata siku moja kujiuliza: je, na huyu ambaye kweli hasikii?

Basi sikilizeni kisa changu.

Mjukuu wangu wa tatu alianza nasari hapa Mashariki ya London mwezi wa Septemba 2023, umri wake miaka mitatu na nusu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Akija kwetu asubuhi, "Shikamoo Babu" yake huanza tangu yuko nje ya mlango, na bibi yake alikwisha kumfundisha kuhesabu mpaka ishirini na vitendawili vitatu. Ilipoingia Oktoba akashikwa na mafua. Yakapoa, yakarudi. Yakapoa, yakarudi. Kila mwenye mtoto wa nasari katika nchi hii anajua: mtoto mdogo huweza kupata mafua mara 6 au 8 katika mwaka mmoja, hata zaidi, na mengi yao huja wakati wa baridi, madirisha yamefungwa na watoto wamekaa pua kwa pua. Hatukuona ajabu. Tulimpa asali na tangawizi, tukampangusa kamasi, tukangoja.

Kufika Januari 2024 mtoto alikuwa amebadilika. Ukimwita haji. Ukimwuliza jambo hujibu "nini?", au hujibu jambo jingine kabisa. Televisheni huifungulia sauti ya kutikisa ukuta. Maneno yake yakapungua, na yaliyobaki yakawa hayana ncha. Usiku akikoroma kama mtu mzima. Akawa mwepesi wa hasira, vitu akivitupa. Hakusema hata siku moja kwamba sikio linamwuma, kwa sababu lilikuwa haliumi.

Walimu wa nasari wakamwita mama yake. Wakamwambia, kwa upole kabisa, kwamba huenda mtoto anachanganyikiwa na lugha mbili, na ingekuwa vizuri nyumbani asemeshwe Kiingereza peke yake mpaka atengemae. Mkwe wangu akarudi na huzuni yake. Jumamosi ile mwanangu akaja kwetu, akaketi, akasema, "Baba, naomba radhi. Lakini kwa sasa tunaomba wewe na Mama mumsemeshe Kiingereza tu."

Jamaa zangu, wenye wajukuu mnajua neno lile lilivyonichoma. Tumeacha makaburi ya wazee wetu, tumeacha nyumba na minazi. Tulichoweza kukibeba ni dini yetu na lugha yetu. Lakini mtoto ni wa wazazi wake, na sikutaka kuwa mzee mkaidi. Nikakubali. Kwa wiki sita nikamsemesha mjukuu wangu Kiingereza changu cha darasani, naye akawa hanijibu kwa Kiingereza kama alivyokuwa hanijibu kwa Kiswahili. Hapo palikuwa na dalili, nami sikuiona.

Siku moja mwishoni mwa Februari nilikuwa naye Green Street, tunakwenda sokoni. Akanichopoka mkononi. Kwa fazaa nikasahau Kiingereza, nikapiga ukelele: "Usiende!" Akaendelea kwenda. Gari ikafunga breki hatua mbili mbele yake. Nilipomfikia nilifanya lile nililokuwa nikilifanya darasani miaka ile. Nilimshika sikio, nikalisokota, nikamwambia, "Huna masikio wewe?" Akalia kilio cha mtu asiyejua kosa lake ni nini.

Aliyetuzindua ni bibi yake. Jioni ile mtoto alikaa juu ya zulia, ametupa mgongo, anacheza na magari yake. Mke wangu akasimama nyuma yake hatua tatu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nani anataka visheti?" Kimya. Akasema tena kwa Kiingereza. Kimya. Kisha akazunguka mbele yake, akatikisa midomo tu bila ya kutoa sauti. Mtoto akainuka mbio kuelekea kwenye sahani.

Mke wangu akanitazama. Akasema, "Bwana, mtoto huyu hasikii." Na kwa mara ya kwanza neno lile lilikuwa na maana moja tu.

NYUMBA YA SIKIO

Kabla sijaendelea na kisa, niruhusuni nieleze kama nilivyoelezwa, maana mwalimu hawezi kujizuia.

Sikio limejengwa kama nyumba zetu za zamani. Nje kuna baraza, nayo ni hilo sikio tunaloliona pamoja na njia yake ya kuingilia. Mwisho wa njia hiyo kuna mlango: ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma, huitwa kiwambo cha sikio. Nyuma ya kiwambo kuna ukumbi mdogo, na ndani yake mna vifupa vitatu, vidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Sauti ikipiga kiwambo, vifupa hivyo hupokezana mtikisiko mpaka chumba cha ndani, ambako mshipa wa kusikia huuchukua na kuupeleka kwenye ubongo.

Ukumbi ule unatakiwa uwe mkavu na uwe na hewa. Hewa yake huingia kwa mlango wa uani. Mlango huo ni mrija mwembamba unaotoka ukumbini na kufungukia nyuma ya pua, juu ya koo. Umepewa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Kitaliano wa karne ya 16. Kwa mtu mzima mrija una urefu wa kiasi cha milimita 35, nao umeinama, kwa hiyo unyevu hushuka kooni wenyewe. Kwa mtoto mdogo ni mfupi zaidi, mwembamba zaidi, na umelala karibu na usawa. Wakati mwingi umefumba. Hufunguka kidogo tunapomeza mate au kupiga miayo.

Sasa na yaje mafua. Ngozi laini ya ndani ya pua huvimba, na ngozi hiyo hiyo ndiyo iliyotandikwa ndani ya mrija. Mlango wa uani huziba. Watoto tena wana zile tunazoziita nyama za pua, nyuma kabisa ya pua, jirani na mlango huo. Zikivimba, humfanya mtoto apumue kwa mdomo na kukoroma, na huwa maskani ya vijidudu vinavyopanda sikioni. Hewa iliyobaki ukumbini hunywewa na mwili kidogo kidogo, na nyingine haiingii. Kiwambo huvutwa ndani, na maji huanza kuchuruzika kutoka kwenye kuta. Ndiyo maana ugonjwa ulioanza puani huishia sikioni, na sikio halikuingiwa na upepo wala maji ya kuoga.

Kutoka hapo huzaliwa maradhi mawili, na ni muhimu kuyatofautisha.

La kwanza ni la ghafla. Mafua yana siku mbili tatu, kisha usiku mtoto huamka analia, ana homa, anajishika sikio. Maji ya ukumbini yameingiwa na vijidudu na kugeuka usaha. Pengine kiwambo hupasuka, usaha hutoka nje, na maumivu hupoa papo hapo, watu wakadhani amepona. Mara nyingi maradhi haya huisha yenyewe katika siku 3 hivi, pengine wiki moja, na tundu la kiwambo huziba lenyewe.

La pili ni la kimya kimya, na Waingereza huliita sikio la gundi. Hapa hapana homa wala maumivu makubwa. Ni maji tu yaliyobaki ukumbini, yakawa mazito kama uji wa wanga. Vifupa vitatu havichezi vizuri tena. Ugonjwa huu umeenea mno: inahesabiwa kwamba katika kila watoto 10 hapa Uingereza, 8 huwa wamekwisha kuupata angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 10. Kwa wengi hupita wenyewe ndani ya miezi 3. Kwa wachache hukaa, na hao ndio tunaowaita watukutu.

Mtoto wa namna hii si kiziwi kabisa, na hapo ndipo anapotuhadaa. Husikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Ukiwa karibu, mnatazamana, hapana kelele, atakusikia. Ukiwa jikoni naye yuko chumbani, hakusikii. Leo anasikia vizuri, kesho mafua yamerudi, hasikii. Sisi tukisema, "Akitaka, anasikia."

Na tazameni lugha yetu. Baina ya "uende" na "usiende" pana kisilabi kimoja tu, tena cha "s", sauti hafifu kama pumzi. Kikizama njiani, kinachofika kwa mtoto ni amri ya kwenda. Siku ile Green Street huenda mjukuu wangu alisikia la mkuu kama lilivyomfikia, akalifuata. Walimu wa chuoni nao natumai watanisamehe nikiwaambia: mtoto asiyeitofautisha thaa na sini, kabla hamjamrudisha nyuma katika juzuu yake, ulizeni kama ana mafua.

ALIVYOTIBIWA

Daktari wetu wa mtaa alimtazama masikio kwa kitaa chake, akatupeleka kwa wapimaji. Kipimo kilinistaajabisha kwa wepesi wake. Mtoto alipewa vijiti vya rangi na ndoo. Kila akisikia mlio, atie kijiti kimoja. Kwa milio ya chini alikaa ameshika kijiti chake mkononi, anangoja. Nilimtazama anavyongoja kwa adabu, machozi yakanilenga. Kisha wakamtia kizibo laini cha mpira sikioni, kikapuliza hewa kidogo, na mashine ikachora mstari. Sikio zima huchora kilima. La kwake lilichora mstari uliolala, la kulia na la kushoto. Nyuma ya viwambo mlikuwa mmejaa.

Nikauliza suala lililokuwa likinikereketa: je, ni Kiswahili kilichomharibu? Yule bibi mpimaji akashangaa. Akasema lugha mbili hazimtii mtoto maradhi ya usemi, na mtoto asiyesikia vizuri atachelewa hata akilelewa kwa lugha moja. Baadaye nikapata kujua kwamba hata chama cha wataalamu wa usemi na lugha cha Uingereza kinashikilia hivyo hivyo: wazazi na wamsemeshe mtoto lugha ya nyumbani kwao, ile wanayoiweza vizuri. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Akainamisha kichwa, akasema, "Baba, mrudishie Kiswahili chake." Nilimrudishia humo humo ndani ya basi.

Hawakumpa dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa dawa hizo hazisaidii sikio la gundi. Walisema tungoje miezi 3, kisha apimwe tena. Katika muda huo alipewa kiputo cha kupuliza kwa pua, tundu moja limezibwa, ili hewa ipande kwenye mrija. Tukafundishwa na sisi adabu mpya: tumkaribie, tumguse bega, tuzime televisheni, tumtazame usoni, ndipo tuseme. Nasari wakamhamishia mbele, karibu na mwalimu.

Miezi 3 ikapita, mstari bado umelala na kusikia kwake bado ni kwa shida. Tukaelezwa njia zilizopo. Ama avae kwa muda vifaa vya kusaidia kusikia, ama atiwe vijibomba. Kijibomba hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele, kimetobolewa katikati. Daktari wa Kimarekani, Beverly Armstrong, ndiye aliyeanzisha matumizi yake ya siku hizi mwaka 1954. Hupachikwa kwenye kiwambo, kikawa dirisha dogo la hewa mpaka mlango wa uani utakapokuwa tayari. Hukaa miezi 6 mpaka 12 hivi, kisha hutoka chenyewe sikio likikua. Wazazi wake wakachagua vijibomba. Alilazwa usingizi wa dawa asubuhi ya Novemba 2024, na alasiri akarudishwa nyumbani.

Tulipotoka hospitali ilikuwa inanyesha. Tukajibanza chini ya kibanda cha basi. Mtoto akatazama juu, akanivuta koti, akaniuliza, "Babu, nani anapiga paa?"

ALIYEKAA DAWATI LA NYUMA

Usiku ule mke wangu alilala kwa furaha, lakini mimi sikupata usingizi. Nilimkumbuka kijana mmoja niliyemsomesha Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika skuli ya shamba. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni. Wenzake wakimkimbia kwa harufu, nami, ili kupunguza zogo, nikamweka dawati la nyuma kabisa. Kisha nikawa namwuliza suala kutoka mbele, na asipojibu, bakora. Hakumaliza skuli. Sote tulisema hana kichwa. Mpaka leo sijui yuko wapi.

Siku hizi najua. Usaha unaotoka sikioni zaidi ya wiki 2 ni ugonjwa unaotaka matibabu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa watoto walio chini ya miaka 15, asilimia 60 ya upungufu wa kusikia unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na masikio ya usaha ni mojawapo. Sikio hilo linataka kukaushwa, kutiwa dawa ya matone iliyotolewa na daktari, na kukingwa na maji. Kwetu tulikuwa tukisema, "Ni maji ya pwani, yatakauka." Mara nyingi lilianza na mafua ambayo hakuna aliyeyakumbuka.

Ndugu zangu mnaopeleka fedha nyumbani kila mwezi, mkisikia kuna mtoto wa sikio la usaha, basi nauli ya kumfikisha hospitali ni sadaka kubwa.

YA KUFUATA NA YA KUEPUKA

Nimeyakusanya machache, kila nyumba iyaweke mahali pa kuonekana.

Kwanza, jaribio la visheti. Mtoto akiwa amekupa mgongo na hapana kelele, simama hatua tatu nyuma yake, mwambie kwa sauti ya kawaida jambo analolipenda. Jaribu siku mbalimbali. Asipogeuka mara kwa mara, nenda kwa daktari. Hilo si kipimo cha hospitali, ni kengele tu ya kukuamsha. Dalili nyingine ni "nini?" isiyokwisha, televisheni ya makelele, kukoroma, kupumua kwa mdomo, na maneno yanayorudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Pili, msitie kitu sikioni. Najua yatokayo makabatini mwetu: mafuta ya nazi ya vuguvugu, kitunguu thomu, habbasoda, hata maziwa ya mama. Kiwambo kikiwa kimetoboka, hayo huingia ukumbini moja kwa moja. Unyoya wa kuku, njiti ya kibiriti na vijiti vya pamba pia tuviache. Ugonjwa huu uko nyuma ya mlango, na baraza ukiifagia namna gani ukumbi hausafiki.

Tatu, maumivu na homa vitulizwe kwa paracetamol au ibuprofen ya watoto, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Tangu tarehe 31 Januari 2024, hapa England, mfamasia wa dukani anaweza kumtazama mwenye maumivu ya sikio, kuanzia umri wa mwaka 1 mpaka 17, akampa dawa panapohitajika. Msimshikilie kwa nguvu awape dawa ya kuua vijidudu. Mara nyingi haihitajiki.

Nne, ziko dalili zisizongoja asubuhi. Uvimbe au wekundu nyuma ya sikio, au sikio kusukumwa mbele, shingo kukakamaa, uso kupinda, kizunguzungu kikubwa, mtoto kulegea mno. Na kichanga aliye chini ya miezi 3 mwenye homa ya digrii 38 au zaidi. Pigeni 111, na mtoto akiwa na hali mbaya, 999.

Tano, moshi. Moshi wa sigara hukwaruza pua ya mtoto na kumzidishia maradhi ya masikio, hili limethibitika. Mvutaji na atoke nje, hata kama ni babu mwenye nyumba. Na udi wetu, mimi sitaki kuishi bila ya harufu yake, lakini flati ya London haina uani wala dari ndefu. Tufukize dirisha likiwa wazi, na watoto wakiwa chumba kingine.

Sita, maziwa ya mama humkinga mtoto. Anayenyonya chupa asinyonye akiwa amelala chali. Na chanjo zisiachwe: chanjo ya nimokokasi, kijidudu kimojawapo cha nimonia na cha masikio, imo katika ratiba ya watoto wa Uingereza tangu 2006, Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2013.

Saba, safari. Wengi wetu huenda nyumbani Desemba, watoto wana mafua. Ndege inaposhuka, mrija ukiwa umeziba, kiwambo huvutwa ndani na maumivu yake ni makali. Mwamsheni mtoto kabla ndege haijaanza kushuka. Kichanga anyonye, mkubwa atafune au anywe maji kidogo kidogo. Kama sikio linamwuma tangu nyumbani, mwulizeni daktari kabla hamjapanda.

Na sisi wazee tusijisahau. Sikio kuziba siku chache baada ya mafua ni jambo la kawaida. Lakini mtu mzima akizibwa sikio moja tu kwa wiki nyingi, aende akatazamwe mpaka nyuma ya pua, maana pengine kuna uvimbe unaokandamiza mrija. Na aliyepoteza kusikia kwa ghafla, katika saa chache au siku mbili tatu, asiseme ni mafua yatapita. Aende siku hiyo hiyo.

Nimefika mwisho. Mjukuu wangu sasa yuko darasani, kijibomba kimoja kimekwisha toka, na vitendawili vyake vimefika kumi na viwili, vingine vya kutunga mwenyewe visivyo na jibu. Siku moja nilimkalisha mapajani, nikamwomba radhi kwa siku ile ya Green Street. Nilidhani amesahau. Akalishika sikio lake akasema, "Lakini Babu, mimi sikusikia."

Sikuwa na jawabu. Nimemwahidi kwamba nitawaambia wenzangu, na ndivyo nilivyofanya.

Mwakani tukijaaliwa tutakutana tena hapa barazani. Wapeni watoto salamu zangu, na muwape mkiwatazama usoni.

Wassalaam,
Mwalimu wenu